Mizizi ya Kahawia, Povu na Majani Yaliyoungua: Utatuzi wa Matatizo ya Peroksaidi katika Bustani ya Haidroponiki ya Nyumbani

Mtu anayelima saladi, mchicha au mnanaa kwa haidroponiki, yaani bila udongo, mizizi ikiwa kwenye maji yenye virutubisho, katika ndoo za kibarazani hachelewi kusikia habari za haidrojeni peroksaidi. Ataambiwa kwamba ile chupa ndogo inayouzwa duka la dawa kwa ajili ya kuosha vidonda huponya mizizi iliyooza, huua mwani na huongeza oksijeni ndani ya maji. Mambo yote matatu yana ukweli, lakini ni ukweli wa saa chache tu. Wengi wanaopata hasara huipata kwa sababu wameichukulia peroksaidi kuwa tiba, ilhali kazi yake ni kumpa mkulima nafasi ya siku moja au mbili ya kurekebisha kile kilicholeta ugonjwa.

Maelezo haya nimeyapanga kwa kufuata dalili ambazo mkulima huziona kwanza. Yametokana na bustani ndogo ya Dar es Salaam, mji ambao kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana hufikia nyuzi 32 na maji yaliyomo kwenye ndoo huwa ya uvuguvugu hata alfajiri. Anayelima penye baridi kama Njombe au Limuru atakutana na baadhi ya matatizo haya kwa nadra, ila hatari za chupa yenyewe ni zile zile popote alipo.

Ni vyema kuelewa jinsi dawa hii inavyofanya kazi, kwa sababu karibu kila kosa litakaloelezwa hapa chini linatokana na kutoelewa jambo hilo moja. Peroksaidi ni kama maji yaliyobeba atomu moja ya oksijeni ya ziada, na atomu hiyo haitulii. Inapoachana na mwenziwe, hubaki maji na oksijeni, na katika kuachana huko huunguza chochote kilicho hai na laini kilichopo karibu: bakteria, mbegu za kuvu, mwani, na pia vinyweleo vya mizizi. Haichagui rafiki wala adui. Joto, mwanga, kutu ya chuma, shaba, manganizi na vimeng'enya vilivyomo ndani ya mizizi na katika utando wa uchafu huharakisha kuvunjika kwake, ndiyo maana ndani ya ndoo yenye mimea dozi ya kawaida huisha kwa saa chache au kwa siku moja hivi.

Kabla ya yote: chupa uliyonayo ina nguvu kiasi gani?

Swali hili huulizwa la mwisho, wakati lilipaswa kuwa la kwanza. Chupa ya duka la dawa huwa na asilimia 3 kwa kawaida, nyingine asilimia 6. Zile zinazouzwa kwa ajili ya viwanda au maabara huwa na asilimia 30 au 35, na hizo ni kitu kingine kabisa. Kwenye baadhi ya chupa nguvu huandikwa kwa ujazo wa oksijeni badala ya asilimia: ujazo 10 ni sawa na asilimia 3, ujazo 20 ni asilimia 6, ujazo 30 ni asilimia 9 na ujazo 40 ni asilimia 12. Aliyezoea namba ya 10 ya duka la dawa akachukua chupa ya 40 na kupima kwa kijiko kile kile, ametia dawa mara nne ya alivyokusudia.

Dada mmoja mwenye saluni mtaani kwetu aliwahi kunipa kwa moyo mwema nusu chupa ya peroksaidi anayotumia kubadilishia rangi ya nywele. Nilimshukuru na sikuitumia. Ile ya saluni huwa ya krimu, imechanganywa na mafuta, nta na manukato ambayo hayana nafasi kwenye maji yanayokunywewa na mizizi ya mboga utakayoila.

Hesabu ni rahisi mno ukishajua asilimia. Mililita 1 ya dawa ya asilimia 3 ina takriban miligramu 30 za peroksaidi, hivyo mililita 1 ikiingia kwenye lita 1 ya maji ya virutubisho inakupa miligramu 30 kwa lita. Hicho ndicho kipimo ambacho mimi huanzia kwa mimea iliyokwisha kushika. Ndoo ya lita 20 inahitaji mililita 20, zinazopimwa kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake, si kwa kifuniko cha chupa wala kwa kukadiria. Kama dawa ni ya asilimia 6, kipimo kinakuwa nusu, yaani mililita 10. Mililita 3 kwa lita za dawa ya asilimia 3 ndicho kikomo changu, na ninakifikia tu pale mizizi inapooza kweli na mmea ni mkubwa. Kwa miche yenye majani mawili au matatu sifiki huko kamwe.

Kuhusu chupa ya asilimia 35, ushauri wangu ni kutoiingiza nyumbani. Maandishi yanayosema kwamba ni ya daraja la chakula hayamaanishi kwamba inanyweka wala kwamba ni salama mkononi. Yanaeleza usafi wake tu. Umoja wa Ulaya umezuia raia wa kawaida kuuziwa peroksaidi inayozidi asilimia 12, na moja ya sababu ni kwamba yenye nguvu inaweza kutumika kutengenezea vilipuzi. Aliyenayo tayari na asiyeweza kuirudisha avae miwani ya kinga na glovu, afanyie kazi mahali penye hewa, na aitie dawa ndani ya maji, wala si maji ndani ya dawa. Sehemu moja ya asilimia 35 ikitiwa kwenye sehemu kumi na moja za maji safi hutoa mchanganyiko unaokaribia asilimia 3, na baada ya hapo vipimo ni vile nilivyokwisha kutaja.

Dalili: mizizi imekuwa ya kahawia

Hapa ndipo peroksaidi hutumika zaidi, na hapa ndipo hutumika ovyo zaidi, kwa kuwa si kila mzizi wa kahawia umeoza. Mbolea yenye chuma huacha rangi ya chai kwenye mizizi. Vumbi la makumbi ya nazi nalo hutoa rangi ya namna hiyo kwa wiki za mwanzo, hasa lisipooshwa vya kutosha. Mzizi uliopakwa rangi tu hubaki mgumu, ncha zake mpya ni nyeupe, na haunuki. Kuumwagia dawa ni kuunguza mzizi mzima kwa kosa la nguo yake.

Mzizi uliooza hujulikana kwa vidole na pua. Una utelezi, unanuka kama maji ya bwawa lililokaa, na ukiuvuta taratibu kati ya vidole viwili ganda lake la nje huchomoka na kubaki uzi mwembamba wa ndani. Majani huanza kunyauka saa za adhuhuri ilhali ndoo imejaa maji, kisha hujirudi jioni, na siku ya tatu au ya nne hayajirudi tena. Mara nyingi mhusika ni Pythium, kiumbe anayefanana na kuvu ambaye hutoa mbegu zenye mikia zinazoogelea majini kutafuta mizizi. Anapenda maji ya moto yaliyopungukiwa oksijeni, na ndoo ya Dar es Salaam mwezi wa Februari humpa vyote viwili.

Sababu ya kupungukiwa huko ni ya kimaumbile. Maji safi ya nyuzi 20 yanaweza kushika takriban miligramu 9.1 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hushika 7.6 tu. Wakati huo huo mizizi yenyewe hupumua kwa kasi zaidi kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo mahitaji yanaongezeka pale pale ghala linapopungua. Sasa tazama mchango wa peroksaidi: miligramu 30 kwa lita zikivunjika zote hutoa miligramu 14 hivi za oksijeni. Ni nyingi kuliko maji yanavyoweza kushika, hivyo ziada hupanda juu kwa viputo na kupotea hewani, na kesho yake hali ni ile ile ya jana. Pampu ndogo ya hewa yenye jiwe la hewa (kijiwe chenye vitundu kinachotawanya viputo) haitoi kishindo kama hicho, lakini hufanya kazi saa 24, usiku na mchana, ilimradi kuna umeme.

Kwa hiyo ukithibitisha kuwa mizizi imeoza, anza kwa kuutoa mmea na kuikata kwa mkasi safi sehemu yote iliyolainika. Suuza iliyobaki kwa maji safi. Mwaga maji ya zamani yote, sugua ndoo, kisha tengeneza maji mapya ya virutubisho na utie peroksaidi kwa kipimo cha mililita 1 hadi 3 kwa lita kulingana na ukubwa wa mmea. Washa pampu ya hewa. Baada ya siku tatu au nne unaweza kurudia mara moja, na kama mzizi mpya mweupe haujaonekana kwa siku kumi, mmea huo ung'oe upishe wengine, maana utakuwa unafuga ugonjwa.

Ila katika siku hizo ndipo kazi yenyewe inapotakiwa kufanyika, nayo ni kupoza maji. Iondoe ndoo kwenye sakafu inayopigwa na jua. Ifunike kwa kiroba cheupe au ipake rangi nyeupe kwa nje. Chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyogandishwa kwenye friji na kuzamishwa ikiwa imefungwa hushusha joto la ndoo ya lita 20 kwa nyuzi kadhaa, na chupa mbili zikipokezana, moja ndani ya ndoo na nyingine ndani ya friji, huvusha saa mbaya za mchana. Wapo wanaoizungushia ndoo gunia lililoloa, kwa kanuni ile ile inayopoza maji ya mtungi. Kanuni hiyo inafanya kazi vizuri Dodoma, ambako hewa ni kavu. Pwani, ambako hewa imekwisha kushiba unyevu, gunia hubaki limeloa na maji hubaki vuguvugu. Lengo ni kuyaweka maji chini ya nyuzi 24 au karibu na hapo kadiri inavyowezekana. Pia angalia kina: mfumo wa ndoo tulivu usio na pampu unataka nafasi ya hewa kati ya maji na kikapu cha mmea, na mkulima anayejaza ndoo hadi juu kila anapoona maji yamepungua huizamisha mizizi ile iliyoota kwa ajili ya kupumua.

Dalili: dawa imetiwa na hakuna kilichobadilika

Uwezekano wa kwanza ni kwamba chupa imekwisha nguvu. Peroksaidi iliyofunguliwa na kukaa karibu na dirisha kwa miezi mingi inaweza kuwa imebaki maji yenye jina tu. Mimina kidogo kwenye kisosi na udumbukize kipande cha kiazi mbichi kilichokatwa muda huo, au chembe chache za hamira. Ikitoa viputo vingi kwa haraka ingali hai. Ikitoa vichache au isipotoa kabisa, usiongeze kipimo ili kufidia, nunua chupa nyingine. Vikaratasi vya kupimia peroksaidi, vinavyobadilika rangi kulingana na miligramu kwa lita, ni bora zaidi kwa anayevipata, kwa kuwa kiazi kinakuambia kwamba dawa ipo bila kukuambia ni kiasi gani.

Uwezekano wa pili ni maji yenyewe. Maji ya kisima yanayoacha doa la kutu kwenye ndoo nyeupe yana chuma cha kutosha kuivunja dawa kabla haijafika kwenye mizizi. Maji ya bomba yenye klorini nayo huitumia: peroksaidi na klorini hukutana zikamalizana, na ukipima baadaye huoni hii wala ile. Kama maji yako yananuka klorini, yaache kwenye chombo cha wazi usiku kucha kabla ya kuchanganya virutubisho, kisha ndipo utie peroksaidi ikihitajika. Vifaa vya shaba, viungio vya njano vya bomba na ndoo za bati pia huivunja. Plastiki ngumu na mabomba ya PVC hayana shida hiyo.

Uwezekano wa tatu hupuuzwa sana. Ndoo iliyojaa utando na mabaki ya mizizi hula dozi nzima kabla ya kuyafikia magonjwa. Kuongeza dawa juu ya uchafu ni sawa na kupiga deki sakafu yenye tope bila kuzoa tope kwanza.

Dalili: mimea imenyauka au ncha za mizizi zimeungua siku moja baada ya kutia dawa

Hii ni dozi kubwa mno, na haina haja ya uchunguzi mrefu. Ncha za mizizi huwa za rangi ya hudhurungi au hulainika zote kwa wakati mmoja, tofauti na kuoza kunakoanza sehemu moja na kusambaa. Majani machanga hulegea yote. Mwaga maji, jaza maji safi yenye virutubisho nusu ya kipimo cha kawaida, weka mimea kivulini na usitie tena peroksaidi kwa wiki mbili.

Chanzo huwa ni kimoja kati ya vitatu: asilimia ya chupa haikusomwa, kipimo kilikadiriwa kwa kifuniko, au dawa ilimiminwa moja kwa moja juu ya mizizi badala ya kuchanganywa kwanza. Kosa la tatu nimelifanya mwenyewe. Nilikuwa na haraka, nikaimimina kupitia kikapu cha mmea, na mnanaa uliokuwa umesimama vizuri miezi miwili ulilala jioni ile ile, ingawa hesabu ya ndoo nzima ilikuwa sahihi. Tangu hapo huchanganya dozi kwenye lita moja ya maji pembeni, kisha humimina taratibu mahali ambapo pampu inazungusha maji, mbali na mizizi.

Madoa meupe au ya rangi ya mchanga juu ya majani ni jamaa wa tatizo hili. Hutokea pale mtu anapoipulizia dawa majani saa za jua ili kuua ukungu. Jani lililoungua halirudi, likate. Sijaona sababu ya kunyunyizia saladi kitu hiki ilhali mzunguko mzuri wa hewa na kutolowesha majani jioni hufanya kazi ile ile.

Dalili: majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani

Ukiona hivyo kwa mkulima anayetia peroksaidi kila baada ya siku mbili tatu, dawa yenyewe ni mshukiwa. Chuma kilichomo kwenye virutubisho vya haidroponiki hakiachwi kitupu. Hufungwa ndani ya kiini cha kikaboni kama EDTA au DTPA ili kisigande na kuzama. Peroksaidi hukishambulia kifungo hicho, chuma kikaachiliwa, kikageuka kutu isiyoyeyuka, na mmea ukakosa chuma katikati ya maji yaliyotiwa chuma. Wakati mwingine utaona hata vumbi la rangi ya machungwa chini ya ndoo. Manganizi hupatwa na jambo linalofanana na hilo.

Kabla ya kuilaumu dawa, pima pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Ikiwa imepanda juu ya 6.5, chuma cha EDTA kinaweza kushindwa kufika kwenye mmea hata kama hujawahi kutia peroksaidi, na tiba ni kuishusha hadi kati ya 5.5 na 6.5. Tazama pia ni majani yapi yameathirika: yakiwa ya njano yale ya chini, ya zamani, na yote kwa pamoja hadi mishipa, fikiria upungufu wa naitrojeni, ambao hauna uhusiano na jambo hili. Lakini pH ikiwa sawa na majani ya juu ndiyo ya njano, badilisha maji yote, tengeneza virutubisho vipya na uache kabisa desturi ya dozi za mara kwa mara. Majani mapya yatakayoota baada ya hapo yatakupa jibu. Na itakapolazimu siku nyingine kubadilisha maji na kutia dawa kwa pamoja, ni bora kutumia peroksaidi kwenye maji matupu, kuyaacha hadi kesho yake, kisha ndipo kutia virutubisho. Mmea mkubwa huvumilia usiku mmoja wa maji matupu bila shida.

Dalili: mwani unarudi kila wiki

Mwani hauletwi na upungufu wa dawa. Huletwa na mwanga, na kama ndoo yako ni nyeupe inayopitisha nuru, au matundu ya bomba hayana mimea wala vifuniko, utaua mwani Jumatatu na kuukuta Ijumaa. Isitoshe, mwani unaokufa kwa wingi huoza ndani ya maji na kula oksijeni ile ile uliyotaka kuiongeza. Paka nje ya chombo rangi nyeusi kuzuia mwanga, kisha juu yake rangi nyeupe kurudisha joto. Nyeusi peke yake kwenye jua la pwani hupika mizizi. Ziba matundu. Kipimo kimoja cha peroksaidi baada ya kuziba kinatosha kusafisha kilichobaki.

Dalili: povu jingi au maji kuchemka kwa viputo

Viputo vidogo kwenye mizizi na kuta za ndoo kwa saa ya kwanza ni kawaida. Povu zito linalopanda na kubaki huonyesha kwamba ndani kuna mabaki mengi ya viumbe, na jibu ni kuosha mfumo. Kuna hali mbili hasa zinazoleta povu la kudumu. Ya kwanza ni mbolea ya asili, kama maji ya samadi au mboji iliyochujwa: hutegemea bakteria kuvunja chakula cha mmea, na peroksaidi huwaua bakteria hao, hivyo unapoteza vyote viwili. Ya pili ni kutia peroksaidi kwenye maji uliyoyatia Trichoderma (kuvu anayelinda mizizi) au bakteria wa kinga uliowanunua kwa bei kubwa. Chagua njia moja. Ukiamua kurudi kwenye viumbe wa kinga baada ya dozi, subiri siku mbili au tatu, au upime kwa vikaratasi hadi visome sifuri.

Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye samaki ndani ya mfumo wake asitumie dawa hii kabisa kwenye maji yao. Itawadhuru samaki matamvua, wanayopumulia, na itawaua bakteria wanaogeuza kinyesi chao kuwa chakula cha mimea.

Dalili zinazoonekana kwa mtu badala ya mmea

Vidole vikigeuka vyeupe na kuwasha baada ya kugusa dawa, oksijeni imeingia chini ya ngozi kwa viputo vidogo. Osha kwa maji mengi yanayotiririka. Kwa asilimia 3 weupe hupita baada ya muda mfupi, lakini kwa asilimia 35 ni kuungua kwa kweli, na mtu aende akatazamwe. Dawa ikiruka jichoni, osha jicho likiwa wazi kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi, toa lenzi kama imevaliwa, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yametulia. Mtu akiimeza, asilazimishwe kutapika, kwa sababu itaunguza koo mara ya pili na povu lake linaweza kuingia kwenye mapafu. Akiwa na fahamu asukutue kinywa kwa maji na kuyatema, kisha apelekwe hospitali bila kukawia, na chupa yenyewe ichukuliwe ili daktari asome nguvu yake. Ile kali hutoa gesi nyingi tumboni, gesi inayoweza kuingia kwenye damu na kuua.

Ajali nyingi za kumeza hutokana na jambo moja tulilolizoea sana, la kuhifadhi vitu kwenye chupa tupu za maji au soda. Peroksaidi haina rangi na karibu haina harufu. Ndani ya chupa ya maji ya kunywa, ikiwa kwenye friji, haitofautishwi na maji. Iache kwenye chupa yake ya asili isiyopitisha mwanga, kabatini juu, mahali pa baridi na mbali na watoto. Usirudishe ndani ya chupa dawa iliyokwisha kumiminwa, maana chembe moja ya uchafu inatosha kuanzisha kuvunjika. Chupa iliyovimba inamaanisha kwamba oksijeni inajikusanya ndani: vaa miwani, ipeleke nje, uilegeze kifuniko polepole uso ukiwa mbali. Chupa za dawa kali huja na kifuniko chenye tundu la kupumulia, na kifuniko hicho kisibadilishwe.

Kuchanganya ni hatari nyingine inayoanza kwa nia njema ya kusafisha. Peroksaidi na siki ndani ya chombo kimoja hutengeneza asidi ya perasetiki, inayowasha macho na kifua. Peroksaidi na jiki hukutana kwa joto na gesi nyingi, na zikifungiwa ndani ya chupa huipasua. Wala usiitie kwenye chombo chenye asidi ya kushushia pH ukidhani unarahisisha kazi. Rekebisha pH kwanza, koroga, kisha tia dawa kwa wakati wake. Iwekwe mbali na mafuta ya taa, spiriti, asitoni ya kuondolea rangi ya kucha na vumbi la mbao.

Kuosha mfumo kati ya msimu na msimu

Hii ndiyo kazi ambayo peroksaidi huifanya bila manung'uniko, kwa kuwa hakuna mzizi wa kuungua. Toa mimea yote, mwaga maji, sugua utando kwa brashi na sabuni kisha suuza hadi povu la sabuni liishe. Pulizia dawa ya asilimia 3 bila kuipunguza kwenye kuta za ndoo, vikapu, mipira ya pampu na jiwe la hewa, uache dakika 10 hadi 30, kisha suuza tena. Mabomba marefu ya PVC yasiyofikiwa na brashi yajazwe maji yenye peroksaidi na pampu iyazungushe kwa saa moja. Jiwe la hewa lililoziba chokaa halifunguliwi na peroksaidi. Hilo lilowekwe kwenye siki, peke yake, siku nyingine, na lisuuzwe kabla ya kurudi kazini. Maji ya kuoshea yaliyokwisha kuchanganywa na maji mengi yanaweza kumwagwa kwenye mtaro wa maji machafu, lakini yasielekezwe kwenye bwawa la samaki wala chini ya mche uliopandwa jana.